Marejeo ni Ngamani: Maisha na Uandishi wa Katama Mkangi

Utangulizi

Katika orodha ya waandishi wa riwaya ya Kiswahili nchini Kenya, jina la Katama Mkangi halikosi kutajwa. Hata hivyo, mara nyingi hutajwa kwa haraka, kisha mhakiki akaendelea na wengine. Wasomi wa sosholojia humjua kama mhadhiri na mtafiti. Wanaofuatilia historia ya siasa humkumbuka kama mmoja wa wahadhiri waliotiwa kizuizini katika miaka ya 1980, na kama mgombea urais wa mwaka 1997. Wanafunzi wa Kiswahili nao humjua kwa riwaya tatu: Ukiwa (1975), Mafuta (1984) na Walenisi (1995). Ni nadra sana kwa Mkangi hawa watatu kukutanishwa mahali pamoja na kuonekana kuwa ni mtu mmoja.

Makala haya yanakusudia kuwakutanisha. Wahenga walinena kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tunadai kuwa methali hii ndiyo ufunguo wa maisha ya Mkangi na wa riwaya yake mashuhuri zaidi, Walenisi. Riwaya hiyo husomwa na wengi kama ndoto ya kuchekesha kuhusu sayari ya mbali ambako kila kitu ni chema. Usomaji wa namna hiyo huishia katikati ya kitabu. Mkangi alimpeleka mhusika wake mbali ili amrudishe nyumbani, na yeye mwenyewe aliishi hivyo hivyo.

Msomaji wa Kwale huenda akauliza: Mkangi ni mtu wa Kilifi, kaskazini ya Mombasa; anatuhusu nini sisi wa Diani, Msambweni na Kinango? Swali hili ni la haki. Jibu lake litajitokeza tutakapofika kwenye jina la shujaa wake na kwenye suala la ardhi, mambo ambayo mtu wa Pwani ya Kusini hayasomi kama ngano za ugenini.

Ribe na Malezi

Katama Mkangi alizaliwa mwaka 1944 huko Ribe, katika eneo ambalo leo limo katika Kaunti ya Kilifi. Waribe ni mojawapo ya makabila tisa ya Wamijikenda, pamoja na Wagiriama, Wachonyi, Wakauma, Wakambe, Wajibana na Warabai, na vilevile Wadigo na Waduruma ambao wengi wao wako Kwale. Jina lenyewe la umoja huo, ambalo wenyewe hulitamka Midzichenda, lina maana ya miji tisa. Mwanafunzi wa Kiswahili atatambua papo hapo neno kenda, ambalo Kiswahili cha zamani kilitumia kwa hesabu ya tisa kabla neno la Kiarabu halijatawala.

Ribe ni mahali padogo penye historia ndefu. Msitu wa Kaya Ribe ni miongoni mwa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, sambamba na Kaya Kinondo iliyo karibu na Diani. Aidha, katika miaka ya 1860 wamishenari wa Kimethodisti walijenga kituo chao hapo. Kwa hivyo mtoto wa Ribe alikulia kati ya mamlaka mbili za maarifa: kaya na wazee wake kwa upande mmoja, kanisa na ubao wa darasani kwa upande mwingine. Kulikuwa na mamlaka ya tatu pia, yaani mji wa Mombasa na Kiswahili chake, ulio mwendo mfupi tu kutoka hapo.

Hali hii ya kuishi baina ya ulimwengu mmoja na mwingine ilikuwa shule ya kwanza ya mwandishi wetu. Mtu anayevuka mipaka ya lugha na desturi tangu utotoni huzoea kuangalia kila upande kwa jicho la mgeni. Jicho hilo ndilo linaloiona kejeli pale ambapo mwenyeji huona mazoea tu. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, Mkangi alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa hivi. Alikuwa na umri wa kutosha kuziamini ahadi za siku ile, na baadaye akaishi muda wa kutosha kuzihesabu zile zilizotimizwa na zile zilizosahauliwa.

Msomi wa Jamii

Mkangi alijikita katika taaluma ya sosholojia, akafikia shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza. Utafiti wake mkuu haukuhusu nchi ya kufikirika hata kidogo. Ulihusu Wataita, majirani wa Kwale kwa upande wa bara, na ulichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1983 kama kitabu kuhusu gharama ambayo jamii hulipa kwa sababu ya familia ndogo na mageuzi ya umiliki wa ardhi.

Katika miaka hiyo, wataalamu wengi wa maendeleo walishikilia dawa mbili za umaskini wa vijijini. Ya kwanza ilikuwa kupunguza idadi ya watoto. Ya pili ilikuwa kugawa ardhi ya ukoo katika vipande vyenye hatimiliki za mtu binafsi. Mkangi alizitilia shaka dawa zote mbili. Aliuliza ni nani hasa anayelipa pale ambapo familia inapunguzwa na ardhi ya ukoo inakatwa. Mkulima maskini hutegemea mikono ya watoto wake na msaada wa jamaa zake. Ukimwondolea hivyo viwili kabla hujampa kitu kingine cha kuegemea, umemwachia karatasi mkononi na upweke nyumbani.

Tumelitaja suala hili kwa makusudi. Wahakiki wa fasihi huelekea kuutenga utafiti wa Mkangi na riwaya zake, kana kwamba ziliandikwa na watu wawili wasiofahamiana. Ilhali swali ni lile lile: maendeleo haya ni ya nani, na ni nani anayeyalipia? Katika utafiti aliliuliza kwa takwimu na mahojiano. Katika riwaya aliliuliza kwa kicheko.

Mkangi alirejea Kenya na kufundisha sosholojia katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Msomi wa daraja lake angeweza kubaki ng'ambo na kuandika juu ya Afrika akiwa mbali. Hayo yalikuwa marejeo yake ya kwanza.

Kutoka Ukiwa hadi Mafuta

Riwaya ya kwanza ya Mkangi, Ukiwa, ilichapishwa na Oxford University Press mwaka 1975. Kwa sura yake ya nje ni riwaya ya mapenzi ya vijana, na ni ya kihalisia. Hata hivyo, mapenzi hayo hayachipui hewani. Yanaingiliwa na elimu, mali na tofauti za kitabaka zilizokuwa zikikua haraka katika mwongo wa kwanza wa uhuru. Neno ukiwa lenyewe hubeba maana mbili zinazokaribiana: hali ya kuachwa peke yako, na hali ya mahali palipohamwa na watu. Mwanasosholojia alikuwa tayari amekwisha kuonekana ndani ya mtunzi wa hadithi ya mapenzi.

Baada ya miaka tisa ilifuata Mafuta, iliyochapishwa na Heinemann mwaka 1984. Hapa Mkangi aliuacha uhalisia wa moja kwa moja, akaingia katika jazanda. Riwaya hii inashambulia ukoloni mamboleo, yaani unyonyaji unaoendelea baada ya bendera kubadilishwa. Tukumbuke kuwa misukosuko ya bei ya mafuta duniani ya miaka ya 1973 na 1979 ilikuwa imezitikisa nchi changa zisizokuwa na visima vyake, na Kenya ilikuwa mojawapo. Tukumbuke pia kwamba jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 lilikuwa limefuatwa na ukaguzi mkali wa kila kauli iliyotoka vyuo vikuu.

Katika mazingira hayo, anwani ya neno moja ilitosha kufanya kazi kubwa. Mswahili akisikia mafuta husikia mengi: ya taa, ya kupikia, ya gari, ya kujipaka mwilini. Husikia pia msemo wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, yaani kumhadaa kwa kitu ambacho kamwe hakimfikii. Utajiri unaoahidiwa usimfikie mwananchi ni mafuta ya namna hiyo hasa. Kwa maoni yetu, Mafuta ndiyo iliyomfundisha Mkangi kwamba neno moja la kawaida, likigeuzwa kidogo, laweza kusema kile ambacho hotuba ndefu haiwezi kukisema bila kumtia msemaji matatani. Somo hilo alilikamilisha katika Walenisi.

Kizuizini

Mwaka 1986 serikali ya Rais Daniel arap Moi iliendesha msako mkubwa dhidi ya watu walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya, harakati ya siri iliyopinga utawala wa chama kimoja. Wahadhiri, wanafunzi, waandishi wa habari na wakulima walikamatwa. Washukiwa wengi waliteswa katika vyumba vya chini vya jumba la Nyayo House jijini Nairobi. Baadhi yao walifikishwa mahakamani nje ya saa za kazi, bila wakili, wakakiri na kufungwa. Wengine hawakushtakiwa kabisa. Waliwekwa kizuizini kwa mujibu wa sheria ya kulinda usalama wa umma, ambayo haikuhitaji ushahidi wala hakimu. Mkangi alikuwa katika kundi hili la pili.

Haikuwa mara ya kwanza kwa mwandishi wa Kiswahili kutoka Pwani kuandamwa na dola. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa sababu ya kijitabu kilichouliza Kenya inaelekea wapi, na mashairi aliyoyatunga gerezani yakatoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Alamin Mazrui, mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki (1981), alitiwa kizuizini mwaka 1982, na diwani yake ya Chembe cha Moyo ikachapishwa mwaka 1988. Kwa upande wa bara, Ngũgĩ wa Thiong'o alikwisha kukaa kizuizini karibu mwaka mzima wa 1978.

Kwa hiyo Mkangi aliingia katika safu iliyokwisha kuanzwa. Hata hivyo, jibu lake lilikuwa la aina nyingine. Abdilatif na Mazrui waliitikia kifungo kwa ushairi, utanzu ambao Pwani imeuenzi kwa karne nyingi na ambao unastahimili majonzi. Mkangi aliitikia kwa riwaya, tena riwaya ya vichekesho yenye chombo kinachoruka angani.

Walenisi: Safari ya Kwenda na Kurudi

Walenisi ilichapishwa na East African Educational Publishers mwaka 1995. Mhusika mkuu, Dzombo, ni mtetezi wa wanyonge katika nchi inayotawaliwa kwa dhuluma. Anashtakiwa, anahukumiwa, na adhabu yake ni ya ajabu: anatiwa ndani ya chombo na kurushwa angani akafie huko. Walioandaa adhabu hii wanatarajia kuwa hatasikika tena. Dzombo, kwa akili na ujasiri, anaokoka na kutua katika sayari iitwayo Walenisi. Huko anakuta jamii ambamo watu ni sawa, kazi ni ya wote na utu ndio kipimo cha kila jambo. Anapokewa na kufunzwa na wenyeji wenye majina ya kuchekesha na kufikirisha, kama vile Fikirini na Mtu-Binadamu. Hatimaye anarejea katika nchi iliyomhukumu.

Mzaha mkuu wa riwaya umo katika jina. Msomaji hulitamka Walenisi mara nyingi, akidhani ni jina la kigeni kama majina mengine ya sayari, mpaka ulimi wake wenyewe unapolikata katika maneno matatu: wale ni sisi. Hapo anagundua kuwa amekuwa akiutamka ujumbe wa kitabu bila kujua. Wale wa mbali, walio wema na huru, ni sisi kama tungetaka. Na wale madhalimu tunaowacheka nao pia ni sisi, maana nyani haoni kundule. Kicheko hiki hakimwachi anayecheka akiwa salama kwenye kiti chake.

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili atakumbuka mara moja Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951. Nako kuna nchi isiyokuwa kwenye ramani, kuna mshtakiwa mwema aitwaye Karama, kuna baraza la hukumu na kuna habari za safari za kwenda nchi nyingine kutafuta mambo ya kufaa. Mkangi alikuwa akiufuata mkondo huo wazi wazi. Tofauti yake ni kuwa Shaaban Robert alimwacha mshtakiwa ashinde kwa ufasaha wa kujitetea barazani. Watawala wa Kusadikika wanasikiliza mpaka mwisho na hatimaye wanabadilika. Watawala wa Dzombo hawasikilizi. Baina ya riwaya hizo mbili kuna zaidi ya miaka arubaini ya uhuru uliotarajiwa, ukapatikana na kisha ukavunja watu moyo. Mwandishi wa mwaka 1995 hakuweza tena kuamini kwamba hoja nzuri ikisemwa kwa adabu itamgeuza mtawala.

Hapa ndipo wasifu na riwaya vinapogusana. Hatudai kwamba Dzombo ni Mkangi aliyevalishwa jina jingine. Mhakiki mwenye hadhari hafanyi hivyo. Lakini ni vigumu kuisoma hukumu ya Dzombo bila kukumbuka mwaka 1986. Mtu anaondolewa miongoni mwa watu, anafungiwa mahali ambapo hakuna amfikiaye, na dola inatarajia jina lake lisahauliwe. Kuna hata kinaya cha kusikitisha: Dzombo alipata angalau mahakama, hata kama ilikuwa ya dhuluma. Mwandishi wake hakuipata.

Baadhi ya wasomaji huilaumu Walenisi kwa kuwa sehemu ya sayari njema inahubiri mno. Lawama hiyo ina ukweli. Dzombo anapofundishwa, mara nyingine masimulizi hupungua kasi na darasa huchukua nafasi ya kisa. Mtu anaweza kujibu kuwa mwandishi alikuwa mwalimu kwa kazi yake, na kwamba Shaaban Robert naye hakuwa na haraka alipotoa mafunzo. Jibu lenye nguvu zaidi, kwa maoni yetu, ni muundo wenyewe wa riwaya. Mkangi angetaka kutuuzia ndoto tu, angemwacha Dzombo astarehe Walenisi. Huko hana deni, hana askari wa kumsaka, na ana kila sababu ya kubaki. Marejeo yake ndiyo yanayoyapa mafunzo yale uzito, kwa kuwa yanageuka kuwa maandalizi ya safari.

Dzombo, Kwale na Ardhi

Sasa tulirudie swali la msomaji wa Kwale. Jina la shujaa wa Walenisi limeachwa na sauti yake ya Kimijikenda. Kiswahili sanifu kikisema jina, jua na jana, Kidigo na lugha ndugu zake husema dzina, dzuwa na dzana. Mwandishi angeweza kulisanifisha jina hilo liwe Jombo. Hakufanya hivyo. Katika riwaya ya Kiswahili inayofika sayari nyingine, mtu anayebeba matumaini ya wote ana dz ya nyumbani midomoni mwa kila amwitaye. Kwa mwanafunzi wa Kidigo au Kiduruma aliyezoea kusahihishwa dz yake darasani, hili si jambo dogo.

Kwetu Kwale, Dzombo ni jina la mlima pia. Uko bara ya Msambweni, jirani na Mrima, na ni miongoni mwa vilima vyenye misitu ya kaya. Hatusemi kuwa Mkangi alimwita mhusika wake kwa mlima huo. Tunasema tu kwamba msomaji wa hapa hawezi kuligusa jina hilo bila kukiona kilima, na kwamba shujaa mwenye jina la kilima hatarajiwi kung'olewa kwa wepesi.

La pili ni ardhi. Swali ambalo Mkangi aliliuliza Taita, la nani hulipa pale ambapo ardhi ya ukoo inageuzwa kuwa hati, ndilo swali la Pwani ya Kusini nzima. Hapa kuna familia zilizozaliwa, kulima na kuzika wazee wao mahali ambapo kisheria wanaitwa maskwota. Ufuo wa Diani ulijaa mahoteli huku wakazi wengi wakibaki nyuma ya kuta. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988 na kuwaacha wafanyakazi na wakulima wa miwa bila tegemeo. Uchimbaji wa madini ya titani uliofanywa na kampuni ya Base Titanium ulianza kuzalisha mwaka 2013 na ukafikia kikomo mwishoni mwa mwaka 2024, na tangu hapo swali la ardhi iliyochimbwa itarudi kwa nani, na katika hali gani, limebaki mbele ya wakazi. Mkangi hakuandika juu ya Ramisi wala titani. Lakini aliyeisoma Mafuta hahitaji kufafanuliwa maana ya chupa inayopakwa kwa mgongo.

Mgombea wa Mwaka 1997

Mkangi alipotoka kizuizini hakunyamaza. Alifundisha katika chuo kikuu cha kibinafsi cha USIU jijini Nairobi, akaandika pia kuhusu njia za kiasili za kusuluhisha migogoro katika jamii za Kenya, na akajitosa katika siasa za vyama vingi. Katika uchaguzi mkuu wa Desemba 1997 aligombea urais kwa tikiti ya chama cha Kenya National Congress.

Mwaka huo ulikuwa mzito kwa Pwani, na hasa kwa Kwale. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua maafisa na kuiba silaha. Ilibainika baadaye kuwa vijana waliohusika walikuwa wamekusanywa na kulishwa viapo katika maeneo ya Kwale, ukiwemo msitu wa Kaya Bombo. Ghasia zilizofuata ziliwaua watu wapatao mia moja na kuwafurusha maelfu mengi, wengi wao wakiwa wananchi waliotoka bara. Malalamiko ya kweli ya wenyeji kuhusu ardhi na ajira yaligeuzwa silaha ya siasa za uchaguzi, na kaya, iliyokuwa hifadhi ya jamii, ikanajisiwa kwa damu.

Tukiutazama mwaka huo kwa jicho la Walenisi, tunaona jinsi mzaha wa jina lile ulivyokuwa na uzito. Siasa ya 1997 iliwafundisha vijana kusema kwamba wale si sisi. Miaka miwili kabla yake, mtu wa Pwani mwenye uchungu ule ule wa ardhi alikuwa ameandika kitabu kizima kusema kwamba wale ni sisi.

Matokeo ya kura yalikuwa ya kunyenyekeza. Moi alishinda kwa asilimia 40 hivi. Mkangi alipata kura zipatazo 23,000, chini ya asilimia moja, akawa wa saba kati ya wagombea kumi na watano. Ipo mizani nyingine, lakini. Mwaka huo huo, mageuzi yaliyopitishwa bungeni kabla ya uchaguzi yaliifuta mamlaka ya kumweka mtu kizuizini bila kumshtaki. Mtu aliyefungiwa bila kesi mwaka 1986 alisimama mbele ya wapigakura mwaka 1997 akiomba kura dhidi ya rais yule yule ambaye serikali yake ilimfungia. Hayo nayo yalikuwa marejeo.

Nafasi Yake katika Riwaya ya Kiswahili

Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, riwaya ya Kiswahili iliuegemea sana ulimwengu wa ajabu. Euphrase Kezilahabi alitoa Nagona (1990) na Mzingile (1991). Said Ahmed Mohamed alitoa Babu Alipofufuka (2001), naye Kyallo Wadi Wamitila akatoa Bina-Adamu! (2002). Walenisi imo katikati ya kundi hili kwa tarehe, lakini mara nyingi huachwa pembeni katika mijadala, labda kwa sababu ni nyepesi kusomeka. Haivunji wakati, haiuchanganyi usimulizi, wala haimtaki msomaji awe na kamusi ya falsafa mkononi.

Tunaona kuwa wepesi huo ulichaguliwa kwa makusudi. Mkangi alikuwa na shahada ya uzamifu na Kiingereza cha kutosha kuwaandikia wasomi wenzake, na aliwaandikia. Riwaya zake tatu aliziandika kwa Kiswahili, lugha ambayo kuli wa bandarini, mwalimu wa Kinango na mpishi wa hoteli ya Diani wanaweza kuisoma. Aliyetaka wanyonge wajicheke na kujitambua hakuweza kuwaandikia fumbo la wachache. Ucheshi wake ni wa barazani: jina linalogeuka, cheo kinachodhihakiwa, mkubwa anayeonekana mdogo ghafla. Ni ucheshi unaokumbukwa hata baada ya kitabu kufungwa.

Hitimisho

Katama Mkangi alifariki mwaka 2004 katika ajali ya barabarani. Alikuwa na umri wa takriban miaka 60, na alikuwa bado mwalimu. Ameacha riwaya tatu, utafiti mzito juu ya ardhi na familia, na mfano wa msomi ambaye kila alipopelekwa au kupelekeka mbali, alirudi.

Tumeonyesha kwamba sosholojia, siasa na riwaya zake ziliulizana swali moja. Tumeonyesha pia kuwa fantasia ya Walenisi haiepuki ukweli wa Kenya. Inauzunguka ukweli huo na kuurudia kwa upande ambao mlinzi hakuuwekea doria. Kazi iliyobaki ni yetu. Vyuo vyetu vina tasnifu tele juu ya Shaaban Robert na Kezilahabi, na ni haki yao. Mkangi anastahili kusomwa kwa kina sawa na hao, hasa Mafuta ambayo imesahauliwa zaidi, na hasa na wanafunzi wa Pwani ambao lugha yao ya nyumbani inasikika katika jina la Dzombo. Tukiendelea kumtaja kwa haraka na kupita, tutakuwa tunamtekelezea ile adhabu aliyohukumiwa mhusika wake: kurushwa mbali asisikike tena.